Mteja wa Vitumbua kwenye Mtandao wa Majaribio

Mama yangu husema nilizaliwa na sikio la tatu, na hasemi kwa kunisifu. Kwetu Temeke dirisha la chumba changu linatazama uani kwa jirani, na nimekua najua nani kapika nini, nani kamnunia mumewe, mtoto wa nani karudishwa kutoka shule kwa sababu ya nywele. Nikisema sikuwa natafuta kujua nitakuwa nadanganya. Hata kazi niliyokuja kuifanya ukubwani, ya kuandika programu za kompyuta, naamini niliipendea umbea tu. Ndani ya zile mashine kuna watu wanafanya mambo yao, na mimi nilitaka kujua ni mambo gani.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi na mwenzangu mmoja, Mmakonde wa Newala, Mkristo, ambaye Ramadhani hali futari pengine popote ila kwetu. Tulikuwa tumepanga chumba Chang'ombe, juu ya karakana ya wachomelea mageti. Chini wakiwasha mashine, juu taa zinafifia na sisi tunashika kompyuta zetu kama tunaozuia zisianguke. Tulikuwa tunatengeneza programu ya malipo kwa sarafu za kidijitali, zile pesa zinazoishi mtandaoni bila noti wala benki. Mteja analipa kwa simu, mtandao unathibitisha, muuzaji anaona neno "Imelipwa", basi, anamkabidhi mtu mzigo wake. Wenye kazi walikuwa nje ya nchi na programu ingetumika huko kwao. Hapa Dar walikuwa na mwakilishi, mama wa makamo mwenye ofisi Msasani, asiyecheka ovyo. Alitupa muda wa majaribio. Baada ya Idi angekuja kuona kwa macho yake. Ikifanya kazi, tunapewa mkataba. Isipofanya, kila mtu ashike njia yake.

Njia yangu nilikuwa naijua. Kaka yangu alikuwa amenitafutia kazi Tunduma, kwenye duka la vipuri karibu na mpaka, na chumba cha kulala kilishapatikana. Baba alishatutoka, ndugu wengine wameoa na kuolewa, nyumbani tumebaki mama na mimi. Mama hakuniambia niende wala nisiende. Aliniuliza tu kama Tunduma kuna baridi, na nilipomwambia ipo, akaenda sokoni akanunua sweta la kijivu akalitundika kwenye kiti cha sebuleni. Kila akipita pale anageuza uso upande wa pili. Nilikuwa naliona lile sweta kila asubuhi ninapofunga viatu.

Sasa, malipo kama hayo hayajaribiwi kwa pesa za kweli, maana ukikosea herufi moja zimekwenda. Kuna mitandao ya majaribio, iliyofanana na ile ya kweli kwa kila kitu, isipokuwa sarafu zake hazina thamani. Huwezi kununua nazo hata kiberiti. Swali letu la kwanza lilikuwa tuchague mtandao upi, na tuligombana kwa ajili yake tangu mvua za vuli.

Mwenzangu alitaka tujitengenezee wetu, ndani ya kompyuta zetu wenyewe. Huo una raha yake. Sarafu unajitengenezea unavyotaka, malipo yanathibitishwa hapo hapo, na hakuna anayekuona. Mimi niliona ni sawa na kucheza harusi peke yako: wewe bwana harusi, wewe bibi harusi, wewe shehe. Ndoa kama hiyo haivunjiki, lakini haijakufundisha kitu. Nilitaka ile mitandao ya shirika, ambayo mafundi wa dunia nzima wanajaribia humo humo, kila mtu na vituko vyake. Ina tovuti ya kuchungulia ambapo unaona kila malipo yanayopita, kutoka anwani gani kwenda anwani gani, ingawa anwani zenyewe ni mfuatano mrefu wa herufi na namba usiosema mwenyewe ni nani. Kwangu ilikuwa dirisha la uani.

"Sista, wewe unataka umbea tu," mwenzangu alisema.

"Na wewe unaogopa watu."

"Siogopi watu. Naogopa programu yetu kuharibikia mbele za watu. Tuijaribu kwanza ndani, ikikaa sawa ndo tuitoe."

"Mficha uchi hazai, braza."

Alicheka, na akicheka huwa nimeshashinda nusu. Nusu ya pili niliishinda kwa msaada wa yule mama wa Msasani, aliyesema kwenye simu kwamba wenye kazi wangependa kufuatilia majaribio wenyewe kutoka huko waliko. Kitu kilichofungiwa kwenye kompyuta za Chang'ombe hakiwasaidii. Basi tukabaki na mitandao miwili ya shirika. Mmoja mpya, safi, lakini ukiingia unakuta kimya, kama mtaa wa viwanja vilivyopimwa ambao watu hawajahamia. Mwingine wa zamani, wenye foleni, wenye malipo yanayochelewa, na ulishatangazwa kwamba mwaka huo huo utazimwa. Nikachagua wa zamani. Watu walikuwa huko.

Sarafu za majaribio hazinunuliwi, hugawiwa bure kwenye tovuti ambazo sisi tunaziita mabomba. Unaweka anwani yako, bomba linakudondoshea tone, kesho unarudi tena kukinga. Kwa vile mtandao ulikuwa unaelekea kufa, mabomba yake yalishaanza kukauka. Tulikinga miezi kadhaa mpaka pochi yetu ikawa na kitu cha kutosha siku ya kuonyesha kazi: za kumpa mgeni wetu alipie, na za nauli, maana kila sarafu inapohama mtandao unakata kidogo.

Mwakilishi alitoa sharti moja zaidi. Duka la majaribio liendeshwe na mtu asiye fundi. Hapo ndipo mama alipoingia.

Mama hakukataa. Ilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani, ana muda mchana, na simu anaijua vizuri kwa sababu ya kikundi chake cha kina mama wa msikitini. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka bidhaa, akapiga picha vitumbua vyake kwenye sahani ya maua na kuandika: vitumbua, sahani moja. Bei nikampangia. Pochi yetu yote nikaiweka kwenye simu yake, kwa kuwa muuzaji ndiye angempa mgeni sarafu za kulipia. Nikamweleza mara mbili kwamba zile pesa si pesa.

"Ni karatasi tu," nilimwambia. "Ni za kuchezea. Hazina thamani yoyote."

"Nimeelewa, si mtoto mie," alisema.

Tulikuwa tunajilipa wenyewe kwa wenyewe. Mama ananitumia sarafu kidogo, mimi nalipa niko Chang'ombe, mama anaona "Imelipwa" yuko Temeke, ananipigia kusema imefika. Ukurasa wa duka ulikuwa wazi kwa yeyote mtandaoni, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, lakini hatukudhani kuna mtu angepita kwetu. Kisha asubuhi moja, saa nne, mama akanipigia.

"Umelipa tena?"

"Sijalipa."

"Basi mwenzio kalipa."

Nikamgeukia mwenzangu. Alikuwa na kikombe mkononi, akatikisa kichwa. Nikafungua tovuti ya kuchungulia nikaona anwani nisiyoijua imelipa sahani moja ya vitumbua, bei kamili. Niliruka kwenye kiti kwa furaha. Fundi mwingine, mahali fulani duniani, anajaribu pochi yake, akatafuta duka la majaribio la kulipia, akatuona. Huu ndio ushirika niliokuwa naugombania.

Jioni nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa jikoni na uso wa mtu aliyeazimwa kitu kisicho chake.

"Huyu mtu kalipa," alisema. "Vitumbua vyake napeleka wapi?"

"Hupeleki popote, mama. Anajaribu tu. Pesa yenyewe si pesa."

"Wewe unajua si pesa. Yeye anajua?"

"Wote wanaojaribia kule wanajua."

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza, na singeweza kumuuliza. Mama akafunga mjadala. Haki ya mtu hailiwi, hata iwe ya karatasi, na Ramadhani ndiyo kabisa. Kama hana pa kupeleka vitumbua, basi amrudishie mtu chake. Nikamwambia sawa, mrudishie. Akaishika simu, akaitazama, akanipa.

"Kitufe cha kurudisha kiko wapi?"

Hakikuwepo. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumetengeneza duka linalojua kupokea kwa ustadi wa hali ya juu, lisilojua kurudisha. Tulipokuwa tunajilipa wenyewe hakuna aliyewahi kudai chake. Nilirudisha kwa mkono, kwa njia ya kifundi, na kesho yake tukaanza kutengeneza kitufe. Kilitusumbua kuliko tulivyodhani, lakini kilipokamilika mama alikipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye programu.

Maana yule mteja alirudi. Kila asubuhi, saa nne, sahani moja ya vitumbua. Na kila asubuhi mama akamrudishia, na juu yake akaongeza kidogo.

Nilipogundua kuhusu kile kidogo nilimuuliza. Alinishangaa. Kwetu, hasa Ramadhani, bakuli la jirani halirudi tupu. Jirani akikuletea tambi kwenye bakuli lake, siku unayolirudisha unatia hata maandazi mawili, hata ndizi. Ukilirudisha tupu watu hawakusemi mbele yako, lakini wanakusema.

"Lakini huyu kaleta pesa, hajaleta bakuli," nilisema.

"Kwani kuna tofauti gani? Kimetoka kwake, kimekuja kwetu, kinarudi."

Mwenzangu, aliyekuwa ameshika kitumbua chake akisubiri adhana kwa adabu ya mgeni, alisema mama ana hoja. Nilimwambia anyamaze, hajafunga hata siku moja.

Mimi kilichokuwa kinanila ni kutaka kujua ni nani. Nilichungulia anwani yake asubuhi na jioni. Haikuwa na historia ndefu: malipo machache kwa maduka mengine ya majaribio, kisha sisi, sisi, sisi. Mama naye akashikwa. Siku moja aliniuliza saa nne yetu ni wapi jua linapozama, kwa sababu mtu wa kutaka vitumbua kila siku saa ile ile mwezi wa Ramadhani ni wazi anasubiri futari. Tukatafuta. Ni visiwani mashariki ya mbali kabisa, ambako sisi tukiwa tunafungua ofisi wao wanafunga mchana wao. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu siku hiyo kwake yule mtu alikuwa Mwislamu, yuko kisiwani, na hana wa kumpikia.

"Mama, hiyo inaweza kuwa mashine," mwenzangu alimwambia. "Watu huwaga wanaandika programu inalipa yenyewe kila siku saa fulani. Mwenyewe kalala zake."

"Mashine inataka vitumbua vya nini?"

Lakini moyoni nilikuwa upande wa mwenzangu. Saa nne kamili kila siku, kiasi kile kile; binadamu hana nidhamu hiyo. Halafu ikatokea asubuhi malipo hayakuja. Yalikuja adhuhuri, tena pungufu, na muda kidogo baadaye yakafuata malipo madogo ya kumalizia. Mashine haikosei halafu ikajirekebisha kwa aibu. Mama alisema labda alikuwa na mgonjwa.

Idi ikafika. Tukala pilau, tukapokea wageni, mwenzangu akaja na mkewe na mtoto. Mwakilishi wa Msasani alikuwa ameshapanga: keshokutwa ya Idi, saa tano asubuhi, Chang'ombe. Kaka naye alipiga kutoka Tunduma kututakia sikukuu njema na kuuliza nikate tiketi lini. Nikamwambia asubiri siku mbili. Mama alikuwa amekaa karibu, akainuka akaenda kuosha masinia yaliyokuwa yameshaoshwa.

Idi pili asubuhi nilichukua simu yake kuhakikisha mambo yako sawa kwa kesho. Nikafungua pochi. Sifuri. Nikaifunga nikaifungua tena. Sifuri ile ile.

Mama alikuwa uani anaanika kanga.

"Mama, zile sarafu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Za kwenye simu. Zote."

"Nimempa mteja. Mkono wa Idi." Alibana kanga kwa kibanio, akanigeukia. "Jana kaja kama kawaida yake, siku ya sikukuu. Nitamrudishia vilevile vya kila siku? Nikampa zilizobaki. Si ulisema ni karatasi?"

Nilisema hivyo, mara mbili, kwa mdomo wangu. Nikakaa kwenye kizingiti. Nilimweleza pole pole, kwamba ni kweli hazina thamani, lakini bila hizo kesho mgeni hana cha kulipia, sisi hatuna nauli ya kurudishia, na duka halionyeshi chochote. Na bila kesho hakuna mkataba. Sikuendelea. Aliona mwenyewe mahali sentensi ile ilipokuwa inaelekea, kwa sababu aliangalia mlango wa sebuleni, kwenye kile kiti. Akatoa vibanio vilivyokuwa vimebaki kwenye kidole, kimoja kimoja, akaviweka chini.

Mwenzangu alikuja mbio. Tukaanza kuzunguka mabomba. La kwanza lilikuwa limekauka, na maelezo kwamba halitajazwa tena kwa sababu mtandao unafungwa. La pili lilitaka kwanza tuonyeshe kwamba tuna sarafu za kweli, eti kuzuia wezi; yaani ili upewe vya bure uthibitishe kwamba huvihitaji. La tatu lilidondosha tone moja, la kutosha nauli ya safari moja na si zaidi. Saa nne nayo ilipita, na siku hiyo mteja hakulipa. Tukauliza kwenye baraza la mafundi mtandaoni, hakuna aliyejibu. Kuhamia mtandao mpya kwa siku moja hatukuweza, duka zima lilikuwa limefungwa kwa ule wa zamani. Mwenzangu akampigia mwakilishi, kwa sauti laini ya kuombea, kumuuliza kama tunaweza kumwonyesha kwenye mtandao wetu wa ndani.

"Halafu wenye kazi niwaambie nini?" alisema. "Kwamba nimeona kwenye kompyuta yenu?"

Ikabaki njia moja. Kwenye mtandao ule unaweza kutuma malipo ya sifuri yenye ujumbe mfupi ndani yake, ukalipa nauli tu. Nauli tulikuwa nayo, moja. Nikaanza kuandika kwa Kiingereza: samahani, ulitumiwa sarafu kwa makosa, tafadhali zirudishe.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umeandika nini hapo?"

Nikamtafsiria.

"Hapana," alisema. "Hazikutumwa kwa makosa. Na mkono wa Idi haudaiwi. Bora uende Tunduma kuliko nimdai mtu sikukuu niliyompa."

Alisema hivyo na sauti ikamkatika kwenye neno Tunduma. Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira ya kumpenda mtu asiyejisaidia. Mwenzangu akatazama dari. Mwishowe nikamuuliza mama, basi tumwandikie nini, maana nauli ni moja.

Alifikiri. "Mtu wa kwetu akiishiwa haombi. Anamwambia jirani, kesho nina wageni. Jirani mwenye akili anaelewa."

"Na asiye na akili?"

"Atakuwa amejua tu kwamba una wageni."

Akanitamkia, nami nikaandika alivyotamka, kwa Kiswahili: Idi njema, mteja wetu. Sie wa vitumbua hatujambo. Kesho saa tano tuna wageni na ndani hamna kitu. Mwenzangu alisema anayesoma Kiswahili kwenye visiwa vile ni samaki tu. Nikabonyeza, na nauli yetu ya mwisho ikaondoka.

Asubuhi tulikodi bajaji mimi na mama, yeye amepakata kontena la vitumbua kwenye mapaja. Kama malipo hayapo, alisema, mgeni asikose hata cha kula. Chang'ombe mwenzangu alikuwa ameshawaomba wachomelea wapumzike mpaka saa sita, na walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanakunywa chai. Tukapanda. Tukakaa watu watatu mbele ya ukurasa wa kuchungulia. Kuna mambo mengi nimeyatazama kupitia madirisha ya watu, lakini sidhani kama nimewahi kutazama kitu kwa kukitaka namna ile.

Saa nne ikaingia kwenye simu ya mama: sahani moja ya vitumbua, imelipwa. Bei ya kila siku. Mwenzangu akashusha pumzi akasema, basi, mashine.

Kisha yakaingia malipo mengine. Nikayasoma, nikamwomba mwenzangu ayasome, tukalinganisha na yale ya siku ya Idi. Zilikuwa sarafu zote ambazo mama alimpa. Na juu yake, kidogo.

Hakukuwa na neno lolote. Sijui kama alitafsiri ule ujumbe, au aliona tu pochi ya duka alilolizoea iko tupu akaelewa. Ila najua mashine ingerudisha kamili. Nilimwonyesha mama ile tofauti kwa kidole, akaitazama, akasema, "Kalirudisha na kitu ndani," akatafuta ukingo wa mtandio akafuta macho. Mimi nilifuta kwa mkono mtupu.

Mwakilishi alifika saa tano na dakika zake. Mama akampa sarafu, akamwonyesha vitumbua, naye akabonyeza kulipa. Mtandao wa zamani, kwa tabia yake, ukachelewa. Akabonyeza tena. Kisha malipo yote mawili yakathibitishwa, amelipia sahani mbili, na akatutazama kwa macho ya mtu aliyeshika kosa la wenzake.

"Mmenikata mara mbili," alisema.

"Umebonyeza mara mbili, mama," mama yangu alimjibu kwa upole. "Subiri nikurudishie chako." Akabonyeza kitufe kile alichokipenda. Ikarudi. Safari hii hakuongeza kitu juu, nadhani kwa sababu ya uso wangu.

Mwakilishi aliangalia simu yake, chake kimesharudi. Alisema amekagua programu nyingine za namna hii, na kwenye kurudisha wengi walikwama. Akauliza wazo la kitufe cha kurudisha lilitoka wapi. Mwenzangu alisema limetoka kwa mteja. Mwakilishi akala vitumbua vitatu, akashuka ngazi, na wiki ile ile mkataba ukaja. Nilimpigia kaka kumwambia asikate tiketi. Sweta mama alimpa mwenzangu awapelekee kwao Newala, ambako nako kuna baridi yake.

Kwenye ripoti yetu niliandika kwamba tuhamie ule mtandao mpya, kwa kuwa wa zamani unazimwa, lakini tusijifungie ndani hata siku moja, maana mtu usiyemjua atakufanyia kosa ambalo mwenyewe usingejifanyia. Mwenzangu aliisoma akasaini bila kubishana. Tulihama pole pole. Mteja hakuhama. Aliendelea kuja saa nne kwenye duka la zamani, na mama aliendelea kumrudishia na kidogo chake, mpaka siku ya kuzimwa. Siku hiyo alilipa kama kawaida. Mama akamrudishia, safari hii pochi nzima, na mimi nikaweka ujumbe wa tulikohamia. Mtandao ulikuwa umeshaanza kulegea. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka, na ilipofika jioni hakukuwa na mtandao tena. Kama vilimfikia au havikumfikia, sitajua, na kwa mtu kama mimi kutojua ni adhabu.

"Kwa hiyo chake kimebaki kwetu," mama alisema.

"Huenda kilifika, mama."

"Huna hakika."

Akaloweka mchele. Kesho yake, saa nne asubuhi, akachoma vitumbua mpaka moshi ukatoka uani ukaingia dirishani kwangu, akavipanga kwenye masahani, nikavipitisha nyumba hadi nyumba. Jirani wa nyuma, ambaye uani kwake nimekulia kuchungulia, alipokea akauliza kuna nini leo, hitima au posa. Nikamwambia ni sahani za mteja wa mama, kazilipia, hayupo. Akauliza ni mteja gani huyo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeulizwa habari za mtu na sina hata moja, si jina, si nchi, si kama ni mwanamume au mwanamke.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka ng'ambo ya ukuta, akiwa bado ameinamia chuma cha vitumbua.

"Ni mtu aliyeniachia mwanangu," alisema. "Kuleni, mumwombee."